Hayati J. M. Kariuki na Daftari la Rangi Tatu

Msomaji mpenzi, ukilifungua daftari lolote la hesabu za watu, liwe la shule, la hospitali au la serikali, utazikuta safu zinazoteremka kutoka juu hata chini. Safu moja ina majina, nyingine ina umri, nyingine kijiji, na nyingine hali ya mtu. Katika safu hiyo ya hali, kila mmoja hupewa neno moja tu, au tarakimu moja, au herufi moja, na hilo ndilo litakalomwakilisha mbele ya watu wasiomjua kwa sura wala kwa tabia. Leo nakusudia kusimulia maisha ya mtu mwenye asili ya Nyeri aliyeandikwa katika safu kama hiyo, akapewa rangi asiyoichagua, akaishi hata akaiona rangi ile ikifutwa, kisha naye akajaribu kuifundisha nchi nzima kuhesabu watu kwa safu nyingine. Mtu huyo ni hayati Josiah Mwangi Kariuki, ambaye Kenya nzima, bara na pwani, ilimjua kwa herufi mbili tu: J. M.

Kabla sijaingia katika maisha yake, sharti nieleze kidogo juu ya safu na mambo yake, maana bila ya hayo kisa hiki hakitakaa sawa. Siku hizi madaftari yamehamia ndani ya kompyuta, na ziko programu za takwimu zinazofanya kwa dakika moja kazi iliyokuwa ikiwachukua makarani mwezi mzima. Huko Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, vijana wamezizoea programu hizi kama sisi tulivyozizoea mbao zetu za chuoni. Kijana mmoja wa mji huo, kwa hisani yake, alinikalisha kitako akanionyesha jedwali la mashamba ya kahawa, ambamo mavuno ya kila shamba yameandikwa kwa tarakimu: 1, 2 au 3. Hizo ndizo ziitwazo thamani za safu. Akanifahamisha kwamba mwenye jedwali ana mambo matatu ya kuamua juu ya thamani hizo, na kompyuta haiwezi kumwamulia hata moja kwa haki.

La kwanza ni lebo. Tarakimu 1 haimwambii msomaji kitu, basi mwenye jedwali huiamuru programu ionyeshe neno Chini mahali pa 1, neno Kati mahali pa 2, na neno Juu mahali pa 3. Tarakimu yenyewe hubaki pale pale chini ya neno, kama mwili ulivyo chini ya kanzu.

La pili ni mpangilio. Yakiwa yameingizwa kama maneno matupu, programu haijui maana yake. Huyapanga kwa alfabeti, ikaanza Chini, ikafuata Juu, ikamalizia Kati, hata mchoro ukatoka umepinda, walio juu wamekaa baina ya walio chini na walio kati. Lazima mtu aingize mkono wake, aseme nani atangulie na nani afuate.

La tatu ni rangi. Programu ikiachiwa huchukua rangi iliyo karibu nayo. Mwenye jedwali ndiye anayeamua kuwa mavuno haba yawe mekundu au ya kijani, na jicho la msomaji huiamini rangi kabla halijasoma neno. Mjuzi wa kazi hii huishika rangi moja kwa thamani moja katika michoro yote, na kwa mambo yenye daraja huchukua rangi moja akaipandisha kutoka hafifu hata nzito, ili mtazamaji asipotezwe.

Sisi tuliopita chuoni hatuyaoni hayo kuwa mageni. Herufi za Kiarabu ni zile zile 28, lakini zina mipango miwili. Mtoto anayeanza kusoma hufundishwa alifu, be, te, the, jimu. Mwenye kujua hesabu za abjadi huzipanga alifu, be, jimu, dali, na kila moja ina hesabu yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4. Ile te, ambayo kwa mtoto wa chuoni ni ya tatu, katika abjadi hesabu yake ni 400. Herufi haikugeuka, kilichogeuka ni mahali ilipokalishwa na aliyezipanga. Kwa herufi jambo hilo ni elimu na burudani. Kwa binadamu laweza kuwa kifungo, njaa, au mauti, na hapo ndipo linapoingia jina la J. M.

J. M. alizaliwa tarehe 21 Machi 1929 huko Kabati-ini katika Bonde la Ufa. Wazazi wake walikuwa watu wa Chinga, Nyeri, nao walihama mwaka 1928 kwenda kuishi katika shamba la mzungu wakiwa maskwota. Skwota ni mtu aliyeruhusiwa kujenga na kulima kidogo katika ardhi ya bwana, na badala yake humfanyia bwana kazi siku ambazo bwana amezipanga. Katika madaftari ya wakati ule, basi, mtoto huyu hakuwa mwana wa Chinga wala mwana wa Kabati-ini. Alikuwa mtoto wa skwota, na lebo hiyo ilitosha kueleza atasoma kiasi gani na atalala wapi.

Kusoma kwenyewe hakukumnyokea. Mwaka 1938 alitiwa shule, akaiacha kwa kukosa karo, akarudi kufanya kazi za shamba. Ikapita miaka hata 1946, ndipo likatokea jambo lililomgeuzia maisha: alicheza dau katika mashindano ya farasi mjini Nakuru, akashinda. Sisi hukumu ya kamari tunaijua, na wala siisifu. Lakini msimulizi hana budi kulieleza lililotokea kama lilivyotokea. Fedha zile hakuzila kwa anasa. Alizipeleka shuleni, akaendelea na masomo yake, mwishowe akafika King's College Budo, Uganda, shule ambayo wakati ule ilisifika Afrika Mashariki yote.

Alirudi Nakuru tarehe 22 Oktoba 1952. Siku mbili kabla yake, tarehe 20, Gavana Evelyn Baring alikuwa ametangaza Hali ya Hatari katika Kenya. Kijana mwenye elimu, aliyezaliwa katika ardhi isiyo yao kwa sababu ardhi ya wazee ilikuwa haba, hakukawia kuchagua upande. Alikula kiapo, akawa naye ni wa kuwalisha wengine kiapo, akakusanya fedha, viatu na mahali pa kulala kwa ajili ya wapiganaji waliokuwa msituni. Hoteli aliyoiendesha Nakuru ilikuwa ni pazia la kazi hiyo. Mwaka 1953 alikamatwa, na hakuiona nyumba yake tena akiwa mtu huru mpaka mwaka 1960.

Hapa, msomaji, ndipo tunapolifikia lile daftari la rangi tatu.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imekamata watu wengi kupita kiasi cha magereza yake. Katika msako mmoja tu uliofanywa Nairobi kuanzia tarehe 24 Aprili 1954, ulioitwa Anvil, maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa wakapitishwa mbele ya wapelelezi. Baadhi ya wapelelezi hao walifunikwa gunia kuanzia kichwani, wakaachiwa matundu mawili ya macho. Mtu akipita mbele yao, gunia likitikisa kichwa, safari yake imeanza. Kwa kuwa watu walikuwa wengi, ilibidi wapangwe, na wakapangwa kwa rangi. Aliyeonekana hana neno aliitwa mweupe, akarudishwa kwao. Aliyedhaniwa amekula kiapo lakini analegea aliitwa wa kijivu, akapelekwa kambi za kazi. Aliyeonekana mgumu, asiyekiri wala kujuta, aliitwa mweusi, akapelekwa mbali. Njia yote hiyo, kutoka kambi ya wagumu hata kambi ya wilaya ya mtu na hatimaye mlango wa nyumba yake, maofisa waliilinganisha na bomba la maji: mtu huingizwa upande mmoja, akasukumwa kambi hata kambi, akatoka upande wa pili.

Baadaye rangi ziliachwa, zikashika herufi. Weusi wakawa Z, wa kijivu wakawa Y, weupe wakawa X, na herufi nyingine zikagawanywa tena kwa tarakimu, Z1 na Z2, Y1 na Y2. Tazama mpangilio huo ulivyo. Alfabeti ya kawaida ingemweka X mbele na Z nyuma. Wao walimtazama Z kwanza, maana yeye ndiye waliyemwogopa. Ile kazi ya lebo, mpangilio na rangi, ambayo leo kijana huifanya mbele ya kompyuta akinywa chai, ilifanywa juu ya miili ya watu, na kalamu ikiteleza mtu huongezewa miaka.

Mambo mawili yaliiharibu safu ile tangu mwanzo. La kwanza ni kwamba haikupima tendo la mtu. Ilipima amesema nini mbele ya ofisa: akikiri, rangi yake hufifia, akinyamaza, rangi yake hukolea. Mtu asiye na hatia aliyekataa kukiri uongo alionekana mweusi zaidi kuliko mwenye tendo aliyejua kusema maneno yanayotakiwa. La pili ni kwamba rangi yenyewe ilikuwa imebeba hukumu kabla ya ushahidi. Kumwita mtu mweusi kwa maana ya ubaya, na mweupe kwa maana ya usafi, katika nchi iliyotawaliwa na weupe juu ya weusi, ni kuiandika siasa nzima ya ukoloni ndani ya kisanduku kimoja cha jedwali.

J. M. aliangukia upande wa weusi. Alipitishwa kambi zaidi ya kumi kwa miaka saba. Miongoni mwake ni Langata, Kowop na Manyani. Manyani sisi watu wa pwani tunaijua, maana iko njiani, ukipita Voi kwenda Nairobi, na ilikuwa moja ya kambi kubwa kupita zote, yenye watu kwa maelfu nyuma ya miba ya chuma. Kwa kuwa alikijua Kiingereza, J. M. aliwasemea wenziwe na kuwaandikia barua za malalamiko kwenda kwa wakubwa, na kwa barua hizo akapata kipigo. Ndani ya waya wale walioandikwa kwa rangi moja walikuwa na mipango yao wenyewe: walichagua viongozi, wakawekeana kanuni, wanaojua kusoma wakawafundisha wasiojua. Karani wa kambi alimwona Z mmoja. Wenziwe walimwona mwalimu, mkalimani, mpishi au mzee wa kusuluhisha.

Pwani yetu ilibeba sehemu kubwa ya daftari hilo. Mbali na Manyani, kulikuwa na kambi Mackinnon Road, na kisiwani Manda, kuvuka maji tu kutoka Lamu, walifungwa viongozi na wasomi. Mmoja wao alikuwa Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa Karatina, ambaye aliweka kumbukumbu za kizuizini na kuzitoa kitabu kwa Kikikuyu mwaka 1983. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata Tuzo ya Noma. Na iko Hola, katika Tana River. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hata wakafa huko kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Hebu fikiri: katika safu ya sababu ya kifo, mahali pa kipigo paliandikwa maji. Uchunguzi wa maiti ndio uliolifuta neno hilo, na fedheha yake ikafika hata katika Bunge la Uingereza.

Tusidhani kwamba nje ya kambi watu hawakuandikwa. Kuanzia mwaka 1954, katika miji na vijiji vya kuuzunguka Mlima Kenya, watu zaidi ya milioni moja waliondolewa majumbani mwao wakakusanywa katika vijiji vipya vilivyozungushiwa handaki na ulinzi. Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu na Meru, kote huko paliingia cheti cha utiifu. Mwenye cheti aliweza kutembea na kufanya biashara; na katika uchaguzi wa mwaka 1957, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru wa Jimbo la Kati asiye na cheti hicho hakupiga kura. Wakati huo huo mashamba yalikuwa yakipimwa upya na kuunganishwa, na wengi waliokuwa vizuizini hawakuwapo kuionyesha mipaka yao. Waliporudi walikuta safu ya ardhi imekwisha kuandikwa majina ya wengine. Lebo ya miaka michache ikazaa umasikini wa vizazi.

Idadi yao nayo haikukubaliwa na wote. Hesabu za serikali zilitaja watu kiasi cha 80,000 waliowekwa vizuizini. Watafiti wa baadaye wamezikataa, na yuko aliyeifikisha idadi hiyo mara mbili hata mara nne. Walionyongwa kwa hukumu za mahakama za Hali ya Hatari walikuwa 1,090.

Ili mtu wa Nyeri afunguliwe, sharti ashushwe daraja kwa daraja mpaka kambi za wilaya yake, kama Aguthi, Mweru au Othaya, na hapo ndipo aachiliwe. J. M. alitoka mwaka 1960. Wengi waliotoka walinyamaza, na hatuwalaumu, maana jeraha lilikuwa bichi. Yeye alifanya mambo mawili. Kwanza, kwa ridhaa ya Jomo Kenyatta, aliyekuwa angali kizuizini, alianzisha tawi la chama cha KANU Nyeri, katika mji ule ule ambako jina lake lilikuwa limeandikwa vibaya. Pili, aliandika. Mwaka 1963 kitabu chake, Mau Mau Detainee, kilichapishwa na Oxford University Press, nacho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza ambamo mtu aliyehesabiwa alisimama kuwahesabu waliomhesabu. Kabla ya hapo ulimwengu ulizisoma kambi kwa ripoti za wenye kambi. Yeye alizirudishia sura, sauti na majina.

Mwaka huo huo Kenya ilipata uhuru, na J. M. akaingia Bungeni. Akawa katibu wa Kenyatta, kisha Waziri Msaidizi, na mtoto wa skwota akawa mtu mwenye mali, mwenye mashamba na mwenye farasi wa mashindano. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: na tajiri naye tumseme kwa haki. Wako waliouliza mtu mwenye mali kiasi hicho anapata wapi ulimi wa kuwasemea maskini. Ni swali la halali, na wasimulizi wa maisha yake hawana haja ya kulificha. Mikono yake lakini ilikuwa wazi. Alichangia shule na zahanati katika mikutano ya harambee hata nje kabisa ya jimbo lake, na aliwajua wachukuzi na wakulima kwa majina.

Jambo kubwa alilolifanya, kwa maoni yangu, ni hili ambalo leo twaweza kulieleza kwa lugha ya jedwali. Siasa za miaka ile ziliwapanga Wakenya kwa safu ya kabila: kabila hili lina mawaziri wangapi, lile lina wangapi. J. M. aliikunja safu hiyo akaikunjua nyingine, safu ya kipato na ardhi. Alionya kwamba nchi isije ikawa na mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Ukiitazama, kauli hiyo ni jedwali la mistari miwili. Watu ni wale wale, nchi ni ile ile, lakini mara tu ulipobadilisha lebo na mpangilio, Mkikuyu asiye na ardhi wa Nyandarua alijikuta mstari mmoja na Mgiriama asiye na ardhi wa Kilifi, na tajiri wa kabila hili mstari mmoja na tajiri wa kabila lile. Wenye mamlaka waliielewa hesabu hiyo upesi. Mikutano yake ikawa inanyimwa leseni. Hata hivyo, katika uchaguzi wa mwaka 1974 watu wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha Bungeni.

Tarehe 2 Machi 1975 alionekana mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton, Nairobi, akiondoka pamoja na maofisa wa polisi. Siku zikapita. Uvumi na habari za gazeti zikasema yuko Zambia. Kumbe maiti yake ilikuwa imeokotwa na mchungaji wa Kimaasai upande wa Ngong, ikapelekwa chumba cha maiti cha jiji, ikawekwa pamoja na miili ya wasiojulikana. Mbunge ambaye watoto wa shule waliijua sura yake aliandikwa asiyetambulika. Tarehe 11 Machi wake zake walimtambua. Alikuwa hajatimiza miaka 46.

Bunge liliunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale, nayo ikatoa ripoti yake mwezi wa Juni mwaka ule. Imeelezwa mara nyingi tangu hapo kwamba kabla ripoti haijawekwa mezani, majina mawili yaliondolewa katika orodha ya wale ambao kamati ilitaka wachunguzwe zaidi. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Mtu aliyeanza maisha yake ya siasa kwa kuandikiwa rangi isiyo yake, aliyamaliza kwa wauaji wake kukosa kuandikwa kabisa.

Kisa hiki kina mkia mrefu. Wakoloni walipokaribia kuondoka walizipanga karatasi zao kama walivyokuwa wamewapanga watu. Zile za kurithiwa na serikali mpya ziliwekwa fungu moja. Zile za hatari zilitiwa katika fungu lililopigwa muhuri wa herufi W, na Mwafrika hakuruhusiwa kuzigusa. Nyingine zilichomwa, nyingine zikapakiwa ndege kwenda Uingereza. Mafaili ya Kenya kiasi cha 1,500 yalikaa kimya huko mpaka mwaka 2011, pale wazee waliokuwa vizuizini walipoishtaki serikali ya Uingereza na mahakama ikataka kujua kilichofichwa. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa watu 5,228, jumla ya pauni milioni 19.9. Hapo tena ilikuwa ni safu na lebo: aliyeweza kuthibitisha mateso yake aliandikwa mdai, na asiyeweza, kwa kukosa karatasi au kwa kuwa amekwisha kufa, alibaki nje ya jedwali.

Siwaogopeshi vijana wetu wanaoshughulika na takwimu. Nchi isiyohesabu watu wake haiwezi kujua wangapi wana njaa, wala mtoto gani hakuchanjwa. Hapana ubaya katika lebo, mpangilio wala rangi. Ninachowaomba ni adabu ya kazi, na adabu hiyo inafunzika kwa maisha haya. Ile thamani ya asili isifutwe chini ya lebo, ili akija mwingine aweze kuifunua na kuhakiki. Ufunguo wa rangi uandikwe waziwazi kando ya mchoro, na sababu ya kumtanguliza huyu na kumkawiza yule itajwe. Rangi yenye kubeba matusi au hofu isipewe kundi la watu. Na safu inayoitwa hali ya mtu iulizwe kila mara imepimwaje, na nani aliyepima, na aliyepimwa alikuwa na nafasi gani ya kujibu.

Wako bado katika miji ya Mlima Kenya, kuanzia Othaya hata Majengo ya Nanyuki, wazee wachache waliokuwa watoto wakati ule, ambao baba zao waliitwa Z au Y. Ukiwauliza, watakutajia babake nani alilima wapi, aliimba nini, alimwoa nani. Herufi ile watakutajia mwisho, kama watakutajia. Naye J. M., ambaye daftari la kwanza lilimwita skwota, la pili mweusi, la tatu Mheshimiwa, na la mwisho asiyetambulika, amezikwa Gilgil, na jina lililobaki midomoni mwa watu ni lile la herufi mbili.